Kurudia Mchezo wa Vita vya Meli Ndogo: Anzia Ziwani

Ikiwa uliacha mchezo wa mezani wa vita vya meli za mfano kwa miaka mingi na sasa hamu imekurudia, fungua sanduku la zamani kabla ya kununua chochote. Meli za plastiki huhitaji kufutwa vumbi na kugundishwa milingoti tu. Zile za madini ya risasi zinataka uangalifu, kwa kuwa risasi iliyofungiwa ndani ya mbao au kadibodi, hasa penye unyevu kama wa Entebbe na Jinja, huliwa na mvuke wa asidi utokao humo na kuota unga mweupe. Unga huo ni sumu: usiupulize wala kuusugua ukiwa mkavu. Vaa glavu na barakoa, lowesha meli, isafishe taratibu kwa brashi laini mbali na watoto na vyombo vya chakula, kisha uihifadhi ndani ya kopo la plastiki.

Pambano la kwanza liwe dogo. Wanaorudi na tamaa ya kupanga pambano la majini la Jutland la mwaka 1916, lenye meli 250 hivi, huishiwa jioni kabla mizinga haijalia. Ninapendekeza Ziwa Tanganyika, tarehe 26 Desemba 1915, ambako mashua mbili za injini za Uingereza, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kwa reli kutoka Cape Town na kukokotwa nchi kavu ndani ya Kongo, ziliiteka Kingani, meli ndogo ya kivita ya Wajerumani.

Vyombo hivyo utavitengeneza mwenyewe. Mimi ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Kwa uwiano wa 1:1200, unaofaa manowari kubwa, ingekuwa sentimita moja tu, kwa hiyo tumia 1:300 upate sentimita nne. Gundisha tabaka tatu za kadibodi ngumu, weka vijiti vya meno kuwa milingoti, na upake vanishi hata upande wa chini, maana kadibodi tupu hulegea msimu wa mvua. Wapiga chapa wa Nasser Road jijini Kampala watakuchapishia sura za meli kwenye karatasi nzito, na shuka la buluu kutoka soko la Owino linatosha kuwa ziwa.

Kanuni zisizidi ukurasa mmoja. Katika kila zamu, kila nahodha huandika kwa siri mwendo na mgeuko wa chombo chake, ndipo vyote vinasogezwa kwa pamoja, sentimita moja kwa kila noti, yaani maili moja ya baharini kwa saa. Chombo kiende nusu ya mwendo wake kabla ya kugeuka, na kisigeuke zaidi ya nyuzi 45. Rusha dadu mbili: ndani ya sentimita 30, jumla ya 8 au zaidi ni pigo. Kingani istahimili mapigo matatu, na mashua mbili, ambazo zilikuwa za mbao, mawili kila moja.

Amri za siri msiziache hata zikionekana kuchosha, kwa sababu ndizo zenye utamu wote. Mzinga wa Kingani ulikaa omo na uliweza kupiga mbele tu. Nahodha wake akiandika kwenda moja kwa moja, na wale wawili wameandika kumfuata kutokea tezi, yaani nyuma, karatasi zikifunuliwa atakuta mzinga wake unatazama maji matupu, naye atalazimika kusubiri zamu nzima ili ageuke huku akipigwa.

Mkishazoea, ongezeni Hedwig von Wissmann, meli nyingine ya Wajerumani iliyozamishwa ziwani humo tarehe 9 Februari 1916, na Kingani iwekwe upande wa Waingereza kwa jina lake jipya, Fifi, na mzinga mkubwa zaidi. Pesa za kununua meli zihifadhiwe kwa pambano la River Plate la tarehe 13 Desemba 1939: manowari ya Wajerumani Graf Spee peke yake dhidi ya Exeter, Ajax na Achilles za upande wa Uingereza. Kwa uwiano wa 1:3000, Graf Spee yenye mita 186 ina sentimita sita tu, na meza ya chakula inatosha.