Ukishika ahadi ya Mungu, soma na mstari unaoitangulia

Kwa mnaoshikilia ahadi za Biblia mambo yanapobana: kabla hujauandika mstari kwenye karatasi au kuuweka kwenye simu, soma na ule unaoutangulia. Chukua Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani na tumaini. Mstari wa 10 unasema miaka 70 ya Babeli itimie kwanza. Sura hiyo ni barua ya nabii Yeremia kwa Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli, nao waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani na waoze watoto wao huko huko uhamishoni. Yaani ahadi ni ya kweli, ila haina haraka yetu. Wafilipi 4:7 nao unaahidi amani ya kuhifadhi moyo na nia, na mstari wa 6 unaeleza njia yake: kuomba pamoja na kushukuru. Kwamba utapata kile ulichoomba, pale hapajasema.

Inasaidia kwa sababu unaacha kumdai Mungu asichokisema, na jibu likichelewa imani haiyumbi ovyo. Ukishasoma, geuza mstari uwe sala na ulitaje jambo lenyewe: kodi ya nyumba, majibu ya vipimo, mtoto asiyepokea simu.

Inapogoma ni kwenye msiba mbichi au hofu kali. Hapo kichwa hakina nafasi ya kuchambua. Shika tu Zaburi 23:4, “Wewe upo pamoja nami”, na umwite mtu akae nawe. Na jamani, mfiwa msimpelekee uchambuzi huu.