Pesa ya dharura kutoka 401(k): hesabu makato kabla hujaomba

Shemeji yangu wa Houston alikuwa anadaiwa pango dola 3,600 na barua ya kumtoa kwenye nyumba ameshapewa. Pesa ilikuwepo kwenye 401(k) ya kazini kwake, yaani mfuko wa akiba ya uzeeni wa Marekani. Nilimsaidia kuomba pesa ya dharura, tukakosea hesabu moja, na kosa hilo likamrudisha kwenye kukopa ndugu.

Hatua ya 1. Ulizia kwanza mkopo. Mifuko mingi inakopesha, mkopo haukatwi kodi ukiulipa kwa wakati, na unajilipa mwenyewe. Mimi ningeanzia hapo kila mara, maana pesa ya dharura ikishatoka huwezi kuirudisha.

Hatua ya 2. Weka tayari ushahidi wa dharura yako: barua ya mwenye nyumba, bili ya hospitali au gharama za mazishi.

Hatua ya 3. Makato. Hapa twende polepole.

Wengi wanasema utakatwa asilimia 20. Hiyo ni kwa pesa inayoweza kuhamishiwa mfuko mwingine. Ya dharura haihamishiki, kwa hiyo usipochagua kitu unakatwa asilimia 10 tu ya kodi ya serikali kuu. Kwenye fomu W-4R, ya kuchagua makato, unaweza kuchagua kuanzia asilimia 0 hadi 100. Usiifurahie hiyo 10. Makato ni malipo ya awali tu, kodi yenyewe utaikuta mwezi wa nne. Pesa hiyo inajumlishwa na mshahara wako, na kama hujafika miaka 59 na nusu unaongezewa kodi ya asilimia 10, labda uwe na msamaha, kwa mfano wa ulemavu. Shemeji yuko daraja la kodi la asilimia 12. Kumi na mbili na kumi, 22. Iandike mstari wa 2 wa W-4R, namba nzima bila desimali.

Sasa kosa letu. Tulichukua 3,600, tukaongeza asilimia 22 yake, tukaomba 4,392. Akaingiziwa 3,425.76. Zimepungua dola 174.24, na mwenye nyumba anataka zote. Asilimia 22 inakatwa kwenye jumla unayoomba, siyo kwenye 3,600. Kwa hiyo gawanya: katika kila 100 unabakiwa na 78, basi 3,600 gawa kwa 0.78. Unapata 4,615.38. Omba 4,616, zinakatwa 1,015.52, mkononi zinafika 3,600.48. Sheria inaruhusu kuomba na ya kulipia kodi. Fanya hesabu hii kwa kalamu na kikokotoo cha simu, uione kwa macho yako.

Angalia pia kama fomu ina kisanduku cha kiasi unachotaka kupokea mkononi. Ukijaza hapo, andika 3,600, mfuko wataongeza ya makato wenyewe. Halafu kuna jimbo: Texas haitozi kodi ya mapato, lakini California inatoza, tena na nyongeza yake ya asilimia 2.5. Asilimia za jimbo zijumlishe na 22 kabla ya kugawanya.

Hatua ya 4. Januari itakuja fomu 1099-R, inayoonyesha pesa uliyotoa na ilivyokatwa. Kisanduku cha 4 kina yale makato. Hakikisha anayekujazia kodi ameyaingiza, la sivyo utalipa mara ya pili.