Kufundisha ujasiriamali wa teknolojia kwa wanafunzi wa uzamivu, wateja wakiwa wazee

Mwanafunzi wa uzamivu huja darasani na jibu tayari mkononi: algoriti, kihisi, roboti. Amelitolea jasho kwa miaka, na anachotaka kwako ni kuonyeshwa wa kumuuzia. Kazi ya mwalimu ni kumcheleweshea hamu hiyo mpaka ajue mzee anahangaika na nini. Mpango huu unatosha muhula mmoja.

Hatua ya 1: Panga timu wewe mwenyewe

Watu watatu au wanne wa fani tofauti: mhandisi, mtu wa afya au ustawi wa jamii, mtu wa uchumi au sheria. Ukiwaachia wachaguane, watajipanga kwa maabara zao.

Hatua ya 2: Vunja neno "wazee"

Takwimu zipe slaidi moja tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo 2030 mtu 1 kati ya 6 duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi, na kufikia 2050 watu wa umri huo watakuwa bilioni 2.1. Wanafunzi wakiona bilioni huona soko. Waambie hakuna soko hapo bado, maana kundi hilo lina anayepanda milima na asiyeweza kuinuka kitini.

Kisha wafanye kipimo kinachotumika kliniki: kuinuka kwenye kiti, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kuketi. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, huchukulia sekunde 12 au zaidi kuwa dalili ya hatari ya kuanguka. Baada ya hapo kila timu ieleze mteja wake kwa uwezo wa mwili, kuona, kusikia na kumbukumbu. Umri usitajwe. Kuna mavazi ya kuigiza uzee, kama AGNES la AgeLab, maabara ya masuala ya uzee ya chuo cha MIT cha Marekani. Yanafaa, ila hayafundishi upweke.

Hatua ya 3: Wapeleke wakasikilize

Pata kwanza kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Kinachukua muda, kwa hiyo omba kabla muhula haujaanza. Programu ya I-Corps ya Marekani, inayowafundisha watafiti kugeuza uvumbuzi wao kuwa biashara, iliyoanzishwa 2011, huzitaka timu zizungumze na watu wapatao 100. Kwa muhula mmoja 30 wanatosha, nusu yao wakiwa walezi.

Sharti ni moja: kifaa chao kisitajwe. Wakiuliza "Je, ungetumia saa inayotambua kuanguka?", wazee wengi watasema ndiyo kwa adabu tu. Waulize, "Mara ya mwisho ulipoanguka, ulifanya nini?" Na macho yafanye kazi pia. Timu moja ilikuta kitufe cha dharura kimetundikwa kwenye msumari nje ya bafu. Mwenyewe alikuwa akikivua kila anapooga, asije akakiharibu kwa maji, ilhali bafuni ndiko alikoogopa kuanguka. Kitufe hakikuwa kinaingia maji, hakuna aliyemwambia. Wahandisi wale walikuwa wamekuja na wazo la kihisi chenye usahihi zaidi.

Hatua ya 4: Tafuta mwenye fungu

Hapa ndipo miradi mingi hufia, kwa hiyo itengee wiki nyingi kuliko hatua nyingine. Anayetumia ni mzee, anayekishughulikia kila siku ni mlezi, anayeamua mara nyingi ni mtoto wake au daktari, na anayelipa huenda akawa bima. Kila timu ichore watu hao wanne na kueleza kila mmoja anapata nini na anapoteza nini.

Waonyeshe jinsi kanuni zinavyounda soko. Ujerumani ilianzisha bima ya utunzaji wa muda mrefu mwaka 1995, Japani mwaka 2000. Huko swali la kwanza ni kama kifaa kinaingia kwenye orodha ya vinavyolipiwa. Marekani, Oktoba 2022, watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani wa kusikia waliruhusiwa kununua visaidizi vya kusikia bila cheti cha daktari. Mlango wa biashara ulifunguliwa na sheria, wala si uvumbuzi wa maabara.

Hatua ya 5: Hataza kabla ya makala

Hataza ni haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Hatua hii imeandikwa ya tano, lakini itaje wiki ya kwanza. Chini ya sheria ya hataza ya Ulaya, hata bango la mkutano likitangulia ombi la hataza linaweza kuua haki hiyo. Marekani na Japani hutoa nafuu ya miezi 12 ya kuomba hataza baada ya kutangaza. Msimamizi wa tasnifu naye ahusishwe mapema, kwani yeye anataka machapisho.

Hatua ya 6: Tathmini

Toa alama kamili kwa timu iliyoua wazo lake kwa ushahidi. Usipofanya hivyo, watapamba mahojiano ili wazo libaki hai. Kwenye jopo la mwisho weka mzee na mlezi pamoja na mwekezaji, slaidi ziwe na maandishi makubwa, kipaza sauti kiwepo, na swali la kwanza liwe la mzee.