Kutoka Malindi hadi Usambara kwa Baiskeli: Mwongozo kwa Mzaliwa wa Tambarare

Mwendesha baiskeli wa Malindi hujifunza kazi yake katika nchi isiyo na mlima, ambamo adui zake ni jua, mchanga na upepo wa baharini. Kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kwamba safari ya milimani inataka miguu ya chuma. Nimeizunguka njia hii zaidi ya mara moja, na ninaloweza kusema ni kwamba miguu huja yenyewe njiani, ilhali gia nzito na breki mbovu hazijirekebishi.

Njia yenyewe inatoka Malindi hadi Kilifi, inakata Mavueni kuelekea Kaloleni na Mariakani ili kuepuka msongamano wa Mombasa, kisha inafuata barabara kuu mpaka Voi. Kutoka hapo unapanda Taita hadi Wundanyi, unashuka kwenda Taveta, unavuka mpaka wa Holili, unapanda Marangu kwenye miguu ya Kilimanjaro, unapita chini ya milima ya Upare hadi Mombo, unapanda Lushoto katika Usambara, halafu unarudi kwa njia ya Tanga na Lunga Lunga. Jipe siku 16, tatu kati yake zikiwa za kupumzika.

Hatua ya kwanza: chagua upepo kabla ya tarehe

Masika, yaani Machi hadi Mei, yaache kabisa, kwa kuwa barabara za milimani huteleza na kingo zake huporomoka. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ni pakavu, lakini joto la nyika ya Taru wakati huo humchosha mtu kabla hajauona mlima wa kwanza. Mimi huondoka katikati ya Juni au Julai. Kusi, upepo utokao kusini, itakupiga usoni kutoka Malindi hadi Kilifi, nawe utanung'unika. Lakini siku utakapovuka Lunga Lunga kurudi nyumbani, upepo huohuo utakuwa mgongoni. Manahodha wetu walipanga safari zao kwa hesabu hiyo, na sioni sababu ya mwendesha baiskeli kujifanya mjuzi kuliko wao.

Hatua ya pili: gia, breki na kutu

Hesabu meno ya gia zako. Ukiwa na mzigo wa kilo 12 au 15, gia ndogo ya mbele isizidi meno 30, na gia kubwa ya nyuma isipungue meno 34. Fundi anaweza kukuambia kwamba gia nyepesi hivyo ni za watoto. Msikilize kwa heshima, kisha umwombe akufungie hizohizo. Blakmamba yenye gia moja ni baiskeli ya kuaminika kwa kubeba maji na nazi, lakini kuipandisha Lushoto ni kuisukuma kwa mkono saa kadhaa.

Kwetu pwani kuna jambo ambalo watu wa bara hawalifikirii: hewa ya chumvi. Waya wa breki unaoonekana mzima kwa nje huwa umeliwa na kutu ndani ya ganda lake. Badilisha waya zote za breki na gia kabla ya safari, hata kama hazijakusumbua, na ufunge mpira mpya wa breki. Chukua tyubu mbili, viraka na gundi yake, spoki nne za urefu wa magurudumu yako, pampu, na kifaa cha kukatia mnyororo.

Hatua ya tatu: upepo uwe mlima wako

Kwa wiki nane, mara tatu kwa wiki, endesha kuelekea Gede dhidi ya kusi kwa saa moja na nusu bila kusimama, ukitumia gia nyepesi inayoizungusha miguu mara 70 hadi 80 kwa dakika. Usishindane na bodaboda. Wiki ya sita, tia mzigo wote na uende Marafa na kurudi, kwa kuwa njia ile ina miinuko ya kutosha kukuonyesha kama mkoba umefungwa upande.

Hatua ya nne: nyika

Kati ya Mariakani na Voi kuna zaidi ya kilomita 100, na vituo vya maana ni Samburu, Taru, Mackinnon Road na Maungu. Beba lita tano za maji na uyajaze kila kituo bila kungoja yaishe. Anza safari mara tu kunapopambazuka, pumzika saa sita hadi saa tisa, na wasafiri wengi husimama kwenye msikiti wa Mackinnon Road, ulipo kaburi la Sayyid Baghali, kusali na kupoa. Malori hapa ni mengi: vaa fulana inayong'aa, na lori mbili zikitaka kupishana mbele yako, toka barabarani mapema. Chakula changu cha njiani ni tende, ndizi na viazi karai vyenye chumvi ya kutosha.

Hatua ya tano: kupanda Wundanyi

Voi iko kwenye mita 600 hivi juu ya bahari. Wundanyi inazidi mita 1,300, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo unaikuta baada ya Mwatate, katika kona zinazofuatana kama mshipi uliokunjwa. Mara yangu ya kwanza niliianza kona ya kwanza kwa fahari, nikiwa nimesimama juu ya pedali, na kufikia kona ya tano nilikuwa nimekaa chini ya mti nikipitwa na mama aliyebeba kuni.

Badili gia kabla ya mwinuko kuanza, kwa kuwa mnyororo ulio chini ya uzito hukataa kuhama na unaweza kukatika. Kaa kitini. Kipimo cha mwendo ni pumzi: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatiza, uko sawa, ukibaki na neno mojamoja, punguza. Kwenye kona kali pita upande wa nje, ambako mwinuko ni mdogo, lakini tu ikiwa unaona barabara yote mbele na hakuna gari. Kunywa kidogo kila robo saa, na kula kabla ya njaa. Siku ya mapumziko, mwenye nguvu aende bila mzigo hadi Vuria, kilele cha Taita chenye mita 2,208.

Hatua ya sita: kushuka

Hapa ndipo mtu wa tambarare huumia. Ukibana breki mfululizo, rimu hupata moto, gundi ya kiraka hulainika na tyubu hupasuka. Mimi ilinipasukia juu kidogo ya Mwatate, nikaokolewa na shamba la mahindi. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia ndani ya kona, na kila baada ya kilomita mbili simama uguse rimu kwa tahadhari. Tumia breki zote mbili, weka uzito nyuma, na pedali ya upande wa nje iwe chini.

Hatua ya saba: Taveta, Marangu na Upare

Kati ya Mwatate na Taveta barabara inapita katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Endesha mchana tu, na ukiona tembo karibu na lami, simama mbali, usubiri gari likutangulie. Mpakani utahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa. Marangu ni kupanda kwa taratibu katikati ya migomba na kahawa, na bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi, huko linatosha kwa chakula cha mchana. Kutoka Moshi hadi Mombo njia ni rahisi kwa macho na ngumu kwa mwili, kwani upepo wa uwanda wa Same hukukabili siku nzima. Gawanya siku mbili.

Hatua ya nane: Lushoto na kurudi

Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, zenye kupanda kwa mita 1,000 hivi. Pumzika Soni, kwenye maporomoko ya maji, ambapo ni kama nusu ya njia. Beba sweta na soksi kavu, kwa kuwa baridi ya Julai humshangaza mtu wa Malindi hata akiwa kitandani, na usianze kushuka asubuhi mpaka ukungu uondoke.

Kutoka Mombo pitia Korogwe na Muheza hadi Tanga, kisha Horohoro, Lunga Lunga na kivuko cha Likoni. Ukifika nyumbani, osha baiskeli kwa maji matamu siku hiyohiyo, kausha mnyororo na uupake mafuta, kwa kuwa tope la Usambara likishika chumvi ya Malindi hutafuna chuma haraka.