Namna ya Kukokotoa Kuyumba kwa Muundo wa Aloi ya Ni2MnGa

Aloi ya nikeli, manganizi na galiamu, Ni2MnGa, hubadili urefu inapowekwa kwenye uga sumaku. Mwaka 1996 Kari Ullakko na wenzake waliripoti badiliko la takriban asilimia 0.2, na baadaye fuwele za jamii hiyo zilifikia asilimia 6 na hata kukaribia 10. Tabia hiyo hutegemea martensaiti, muundo unaojitokeza fuwele yenye umbo la mchemraba inapopoa hadi kama kelvini 200. Hapa tunaonyesha kwa Quantum ESPRESSO, programu huria ya kukokotoa nishati na mitetemo ya fuwele kwa fizikia ya kwantumu, kwamba mchemraba huo haujatulia.

Anza na kizio kidogo kabisa cha fuwele, chenye atomi 4, na uwape manganizi na nikeli usumaku wa kuanzia. Ukokotoaji ukienda sawa, utapata ukingo wa mchemraba wa karibu angstromu 5.8 na usumaku wa takriban magnetoni 4 za Bohr (kipimo cha usumaku wa atomi) kwa kila fomula ya Ni2MnGa, sehemu kubwa ikitoka kwa manganizi. Usumaku ukiporomoka hadi sifuri, usiendelee.

Kisha nyoosha mchemraba upande mmoja bila kubadili ujazo wake, ukipitisha uwiano wa c/a (urefu wa upande ulionyooshwa, c, kwa ule wa pande nyingine, a) kutoka 0.9 hadi 1.35. Nishati hushuka tena karibu na 1.25, lakini tofauti ni ya milielektronivolti chache tu kwa kila atomu, kwa hiyo nukta zote za mchoro zikokotolewe kwa mipangilio ileile.

Kazi nzito iko kwenye fononi, yaani mawimbi ya mtetemo wa atomi ndani ya fuwele. Majaribio ya nyutroni yameonyesha kwamba, katika mwelekeo wa [110], yaani ulalo wa uso wa mchemraba, wimbi ambalo atomi zake husogea kukingama na mwendo wake hulegea karibu na theluthi moja ya kipimo cha 2π/a, ambapo a ni ukingo wa mchemraba. Wengi huchagua wavu wa 4×4×4, yaani seti ya nukta za mawimbi ambako fononi hukokotolewa, kwa sababu ni wa bei nafuu, ilhali wavu huo haugusi nukta hiyo kabisa: katika viwianishi vya kizio, nukta hiyo ni (1/6, 1/6, 1/3), na kinachoigusa ni wavu wa 6×6×6. Kinachochorwa katikati ya nukta zilizokokotolewa ni makisio tu. Programu ikiandika masafa hasi, maana yake ni kwamba mraba wa masafa ni hasi, yaani atomi zikisukumwa hazirudi.

Chunga pia upana wa kulainisha ukaliaji wa elektroni, yaani kiasi cha nishati ambacho mpaka kati ya hali zilizojaa na zilizo tupu hutandazwa. Rydberg 0.02 (Rydberg ni kipimo cha nishati), thamani inayotumiwa sana kwa metali, ukiichukulia kama joto la elektroni inazidi kelvini 3,000, na inaweza kuuficha ulegevu wote. Ipunguze hatua kwa hatua huku ukiongeza nukta za k (sampuli za mawimbi ya elektroni), hadi masafa yaache kubadilika.

Mwisho, sogeza atomi kwa kufuata wimbi hilo katika kizio kikubwa na uchore nishati dhidi ya msogeo: mabonde mawili yakitokea pande zote za sifuri, kuyumba huko ni kwa kweli.