Jinsi ya kufanya mtoto wa kijijini amalize chanjo zote

Wengi hawakatai chanjo, wanakwama tu njiani. Huku Tanzania ratiba ni akizaliwa, wiki 6, 10, 14, halafu surua-rubela miezi 9 na 18, na hiyo ya 18 ndo inasahaulika sana maana mtoto ashaanza kukimbia na mama yuko shamba.

Anza na mwenye sauti nyumbani. Mara nyingi sio mama, ni baba mwenye hela ya bodaboda, au bibi anayesema "mbona nyie niliwalea bila masindano", sasa usibishane nae mbele za watu, mwambie mapema kwamba mtoto anaweza kuchemka kidogo usiku, asije akashtuka akapiga marufuku dozi inayofuata.

Pia muulize nesi siku ya surua. Kichupa kina dozi 10 na kikishafunguliwa hakivuki masaa 6, ndo maana ukienda peke yako unaweza kuambiwa rudi wiki ijayo, na nauli ishaliwa. Pangeni kina mama wa kitongoji muende pamoja.

Kadi imepotea? Nenda hivyohivyo. Mtoto aliyechelewa anaendelea alipoishia, haanzi upya, na nesi akifoka vumilia tu, mtoto achomwe mrudi nyumbani.