Muuzaji wa kamisheni: mfanyakazi wako au mkandarasi?

Ndugu wanachama, somo hili ni la wenye viwanda vidogo vya alizeti na maduka ya jumla, Dodoma mpaka Singida. Wengi mnawalipa wauzaji kamisheni tupu bila mshahara, mkiamini kwamba hapo PAYE, yaani kodi ya ajira anayokata mwajiri, haipo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaitaja kamisheni waziwazi ndani ya mapato ya ajira, pamoja na mshahara, bonasi na posho. Kwa hiyo kinachoamua ni namna mtu anavyofanya kazi.

Hatua ya 1. Weka mkataba pembeni, mwangalie mtu mwenyewe. Nani anampangia leo Majengo, kesho Sabasaba, keshokutwa Bahi? Pikipiki ni ya nani? Akiugua, anaweza kumtuma mdogo wake akauze? Mteja akitoroka na deni, hasara ni ya nani? Mawili ya mwisho nayapa uzito mkubwa: mwenye biashara yake hubeba hasara yake.

Hatua ya 2. Mpime kwa kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Hiyo ni sheria ya kazi, si ya kodi, lakini ukikwama hapo utapata tabu kujieleza kwa mkaguzi wa kodi. Dalili ni saba: unaelekeza kazi yake, unampangia saa, ni sehemu ya taasisi yako, amekufanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, anakutegemea kwa riziki, unampa vitendea kazi, au anakufanyia wewe peke yako. Ikionekana hata moja, anahesabiwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na someni vizuri: saa 45 kwa mwezi, si kwa wiki.

Hatua ya 3. Kata kinachostahili. Mfanyakazi ana PAYE, NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ambao unaulipia wewe bila kumkata. Wakifika 10, unalipa na SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi. Mkandarasi mkazi anakatwa zuio, yaani kodi unayoizuia kwenye malipo yake, la 5% na unampa cheti chake. PAYE na zuio hulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha.

Chukua kamisheni ya 600,000. Mfanyakazi anatoa NSSF 60,000, inabaki 540,000. PAYE yake ni 24,000. Mkandarasi anakatwa 30,000, na mwisho wa mwaka bado ana hesabu zake na TRA. Mnaona? Ukandarasi haumpi kijana nafuu mnayomwahidi. Anayepata nafuu ni mwajiri, anayekwepa mchango wake mwenyewe wa NSSF, nao 60,000.

Maswali ya wanachama

*Kibaigwa: Mwalimu, kijana wangu ana TIN (namba ya mlipakodi), na mwenyewe ndiye aliyeomba ukandarasi. Haitoshi?*

Haitoshi, ndugu yangu. Hata mfanyakazi ana TIN. Wajibu wa kukata ni wako. Usipokata, kodi hiyo utadaiwa wewe, na riba juu yake.

*Manyoni: Kuna mama ana kibanda chake, anauza mafuta yangu na ya viwanda vingine, bei anapanga mwenyewe.*

Huyo ni mfanyabiashara kamili. Akinunua kwako kwa jumla na kuuza, hakuna kamisheni ya kukatwa. Ukimlipa kamisheni, kata 5%.

*Mpwapwa: Mwezi wa kiangazi muuzaji wangu aliyeajiriwa alipata 200,000 tu. Nifanyeje?*

Chini ya 270,000 PAYE ni sifuri. NSSF iko palepale, dada, na ritani unaijaza.